Taa Iliyowashwa na Jirani

Vijana wenzangu wa kazi ya umeme, naomba mnisamehe kabla hamjaanza kusoma. Mwandiko wangu umelala upande kama ngano iliyopigwa na mvua, na tahajia yangu ni ya darasa la saba. Naandika polepole, na kwa miaka yote kazi haikunidai zaidi ya kujaza kadi: nyumba fulani, soketi moja, imekamilika. Mkiona herufi imerukwa, irudisheni wenyewe halafu mwendelee.

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za stoo. Mlininunulia soda na mkanipa saa ya ukutani. Inatumia betri. Mtu ametumikia umeme tangu hana ndevu, anaagwa kwa saa ya betri. Hata hivyo nimeitundika na inakwenda vizuri.

Mmoja wenu aliniomba niandike mambo ya kazini ya zamani. Mshahara sitauandika, haukuwa na mengi ya kusimulia. Vyeo navyo viliandikwa kwenye faili, vikae huko. Nitaandika kuhusu kuondoa taa moja ya darini isiyotakiwa. Najua mnasema hiyo ni kazi ya dakika kumi. Mimi ilinichukua wiki nzima, na ilikuwa karibu imchukue mtu moja kwa moja.

Nilizaliwa Bashay, kule Mbulu, kwenye mahindi, maharage na ng'ombe wachache. Umeme wa nyumbani kwetu ulikuwa wa tochi, na tochi yenyewe ilikuwa ya baba. Mjomba wangu wa Dirma alikuwa dereva wa trekta katika mojawapo ya mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang. Yeye ndiye aliyeleta habari kwamba wanatafuta vijana wa idara ya umeme. Nilitembea hadi Dongobesh, nikapata lori lililokuwa linarudi bila mzigo, nikafika shambani nikiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Sikuwa nimewahi kuona ardhi iliyolala vile. Kwetu kila shamba lina mteremko, ukidondosha kiazi unakifuata bondeni. Kule ngano ilikwenda mpaka macho yanachoka, na mlima Hanang umekaa peke yake pembeni. Kombaini zilikuwa zinavuna kwa safu, moja nyuma ya nyingine, na nyuma yake ndege wanashuka kuokota. Nilisimama kando ya barabara na boksi langu la nguo, nikafikiri hapa hata nikipotea hakuna wa kunitafuta.

Nilikuwa kijana mwenye haya sana. Haya yangu haikuwa ya adabu tu, ilikuwa kama ugonjwa. Kumwamkia mkubwa niliweza, shikamoo ilitoka yenyewe. Nilikuwa nakwama baada ya marahaba, maana pale mtu anakutazama akisubiri useme kilichokuleta.

Fundi wangu aliitwa Salehe, mtu wa Tanga, mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu nyuma ya kichwa. Baridi ya Hanang hakuizoea mpaka anaondoka. Alivaa makoti mawili mwaka mzima, la juu la kazi na la ndani la kumweka hai.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Bashay."

"Unajua nini?"

Nikanyamaza.

"Vizuri," akasema. "Wanaojua wameshaniunguzia mota mbili."

Tangu siku hiyo aliniita Bashay, na shamba zima likafuata. Jina langu la ubatizo lilibaki kwenye orodha ya mishahara.

Chombo cha kwanza alichonipa hakikuwa bisibisi. Kilikuwa taa ya kupimia: balbu ndani ya holda, imelindwa kwa kopo lililotobolewa, na nyaya mbili ndefu zenye ncha za shaba. Aliitengeneza mwenyewe. Alinifundisha kuipima kwanza karakana, mahali ambapo umeme upo kwa uhakika, niione inawaka. Halafu naenda kuigusisha kwenye waya ninaotaka kuushika. Isipowaka, narudi tena karakana kuona kama bado inawaka kule. "Balbu inaweza kufa njiani," alisema. "Ikifa, itakuambia waya hauna umeme, na utamwamini maiti."

Sasa lazima niwaeleze umeme wenyewe, maana ninyi mmeukuta wa gridi. Shamba lilikuwa na jenereta mbili. Moja ilikuwa ya karakana, kule nyuma ya maghala, ikifanya kazi mchana. Nyingine ilikuwa ya nyumba za wafanyakazi, katikati ya makazi, ikiwashwa jioni kwa saa chache na kuzimwa. Ilikuwa na kelele za kutosha kuamsha ng'ombe wa Mbulu. Kwa hiyo sisi mafundi wadogo tulikuwa na desturi yetu: kabla ya kushika waya wa nyumba yoyote mchana, tunasimama na kusikiliza. Jenereta ya makazi ikiwa kimya, tunashika. Fundi Salehe alituchukia kwa hilo. "Sikio lako limeunganishwa na waya gani?" aliuliza. Tulicheka, na akiondoka tunasikiliza tena.

Katika mwaka wangu wa pili Mwalimu Atupele alikuja karakana. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya shamba, ameletwa kutoka Mbeya, ana mtoto mchanga, na mume wake alikuwa kazini mkoa mwingine. Alikuwa na sauti ya darasani, unaisikia mpaka dawati la mwisho.

"Fundi, ile taa ya chumbani imenishinda. Nikilala, inawaka. Nikisahihisha madaftari, inazima."

"Swichi yake iko wapi?"

"Ningeijua ningekuja hapa?"

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya mtaalamu mmoja wa kutoka nje. Alipoondoka iligawanywa kwa ukuta katikati, upande mmoja akapewa mwalimu, upande wa pili akapewa meneja msaidizi na familia yake. Waliojenga ukuta walikuwa waashi, hawakuuliza habari za nyaya. Taa ikabaki kwa mwalimu, swichi ikabaki kwa meneja msaidizi.

"Kumbe unawashiwa na Mama Haika," Fundi akasema. Huyo alikuwa mke wa meneja msaidizi.

"Na watoto wake. Yule wa mwisho ameshajua kupanda kiti."

"Nikuhamishie swichi?"

"Niondolee kabisa. Nina taa ya mezani, inanitosha. Hiyo ya juu inanimulika kama niko kituoni nahojiwa."

Fundi aliniandikia kadi ya kazi, akanishika bega. "Sikiliza, Bashay. Taa hii inakula umeme wa upande wa pili. Kuzima mein swichi ya mwalimu hakutoshi. Nenda kwa Mama Haika, piga hodi, mwombe azime ya kwake. Kisha upime. Kisha waya ule uufungue kulekule kwao kwenye kiungo, uuvute wote utoke darini. Usiniachie mkia wa waya juu ya kitanda cha mtu."

"Ndiyo, Fundi."

Mwalimu alikuwa shuleni, ameniachia ufunguo. Nilifika na ngazi na vifaa, nikavitua kwake, nikaenda upande wa pili. Kulikuwa na geti dogo la mbao, maua kwenye makopo na pazia jeupe dirishani. Nilisimama getini. Nilipanga maneno: shikamoo mama, nimetumwa na Fundi Salehe, naomba uzime. Nilipofika kwenye "naomba", nikakwama. Nilikuwa sijawahi kuingia nyumba ya mkubwa. Nikawaza atauliza kwa nini, nami sitajua kueleza. Pazia likatikisika, na mimi nikageuka kama mtu aliyekosea nyumba.

Nilirudi kwa mwalimu, nikasimama katikati ya chumba, nikasikiliza. Jenereta ya makazi ilikuwa kimya. Nikapanda.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba nilipokwenda likizo nyumbani kuandaa shamba la mahindi, meneja msaidizi alivutiwa laini ya mchana kutoka jenereta ya karakana, kwa ajili ya friji la wageni wa shamba. Jenereta ile ilikuwa mbali nyuma ya maghala, na upepo wa Hanang siku hiyo ulikuwa unapeleka kelele zake upande mwingine.

Nilitoa balbu, nikafungua kile kikombe cha duara kinachoshika nyaya darini, tunachokiita rozi. Nikashika waya mwekundu ili niulegeze.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, mkono wa kulia si wangu, na mdomoni ladha ya sarafu. Ngazi ilikuwa imeegemea kabati kana kwamba imechoka. Juu yangu nyaya zilikuwa zinaning'inia.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekwenda kupiga hodi. Mimi niliona aibu kuliko mwanzo, maana sasa ningelazimika kusema na hili. Nilipanda tena, nikazisukuma nyaya kwa koleo lenye mpira, nikazifunga tepu jinsi nilivyoweza kwa mkono wa kushoto, nikazirudisha ndani ya tundu. Juu yake nikagongomea kipande cha boksi gumu na kukipaka chokaa. Kwa chini palionekana pazuri.

"Umemaliza?" Fundi aliuliza.

"Nimemaliza."

"Mama Haika alizima?"

"Alizima."

"Waya?"

"Nimeuvuta wote."

Alitia sahihi kwenye kadi. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu, lakini mimi hakunipima.

Wiki ile sikulala vizuri. Kila nilipompita mwalimu na mtoto mgongoni niliangalia chini. Nilijiambia tepu inatosha, dari halishikwi na mtu. Halafu Ijumaa mvua za kwanza zilinyesha, nyingi, na bati la nyumba ile lilikuwa na tundu la msumari.

Jumamosi asubuhi mwalimu alikuja karakana. "Fundi, pale mlipotoa taa pananidondoshea maji. Na yule kijana amefunika kwa boksi, limevimba kama maandazi."

Fundi alinitazama juu ya miwani. "Boksi, Bashay? Tunajenga shule ya chekechea?" Alichukua kipande cha mbao, misumari na nyundo. Taa ya kupimia aliiacha mezani. Niliiona pale. Kwa nini aichukue? Mwanafunzi wake mwenyewe alikuwa amemwambia kwamba kule hakuna waya.

Njiani alizungumza juu ya Tanga, jinsi mvua ya kule inavyonyesha ikiwa na joto, siyo hii ya kumpiga mtu kwa baridi. Nilikuwa nimebeba ngazi, tena ya chuma, maana ile ya mbao ilikuwa inatumika kwenye kombaini. Nilisema moyoni, nitamwambia tukifika kwenye mti ule. Tukaupita. Nikasema nitamwambia mlangoni.

Chumbani mwalimu alikuwa amesogeza kitanda na kuweka beseni. Maji yalikuwa yanatoka kwenye boksi tone kwa tone. Sakafu ilikuwa imelowa. Upande wa pili wa ukuta nilisikia friji la Mama Haika linanguruma.

"Shika ngazi," Fundi akasema. Nikaishika. Akapanda moja, akapanda mbili. "Hili boksi nalitoa kwa mkono tu, limeshaoza." Akapanda ya tatu, na mkono wake wa kulia ukawa umeshainuka. Tone likamwangukia kwenye kioo cha miwani. Akasimama, akaivua, akaanza kuifuta kwa koti la ndani.

"Fundi," nikasema. "Waya upo."

"Waya gani?"

"Upo humo. Una umeme."

Aliacha kufuta. "Ulisema umeuvuta."

"Nilidanganya. Sikupiga hodi. Ulinirusha, nikauficha."

Alishuka ngazi ya tatu, ya pili, ya kwanza, akiangalia kila anapoweka mguu, kama mzee kuliko alivyokuwa. Akakaa kwenye kiti cha mwalimu. Miwani ilikuwa bado mkononi.

Mwalimu Atupele ndiye aliyezungumza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Wiki nzima mwanangu amelala hapo chini."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nami jana nilitaka kulichomoa boksi kwa fimbo ya ufagio."

Fundi akavaa miwani. "Nenda ukapige hodi," akasema.

Nilikwenda. Geti lilikuwa lilelile, na haya ilikuwa ileile, lakini sasa nilikuwa na kitu kibaya zaidi nyuma yangu. Mama Haika alifungua akiwa na mwiko mkononi.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si ndiye uliyesimama getini wiki ile ukakimbia? Nilidhani unauza mayai ukaghairi."

"Ni mimi. Naomba uzime mein swichi. Waya wa kwako uko kwenye dari la Mwalimu Atupele, una umeme, na maji yanadondoka."

"Wa kwangu?" Akaenda mwenyewe kwenye ukuta, akaizima kwa kishindo. "Basi ile swichi ya koridoni isiyowasha kitu ni ya kwake?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu wangu. Mwaka mzima namwambia mtoto achezee hiyo, haina madhara." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Na hodi moja tu ilikushinda?"

"Ilinishinda, mama."

Akaelekeza mwiko kwenye friji. "Nyama yangu isioze. Fanya haraka, lakini fanya vizuri."

Hivi ndivyo tulivyoiondoa, na hivi ndivyo nilivyoondoa taa zote baada ya hiyo. Nilichomoa fyuzi ya Mama Haika na kuiweka mfukoni mwangu, ili asije mtu akarudisha umeme nikiwa juu. Nilikimbia karakana kuchukua taa ya kupimia, nikaiona inawaka kule. Tulisubiri maji yakome, tukakausha sakafu, tukaleta ngazi ya mbao. Nililitoa boksi kwa kijiti kikavu. Nikapima waya mwekundu na mweusi, mwekundu na ule wa ardhi, mweusi na ule wa ardhi. Haikuwaka. Nikairudisha taa karakana, ikawaka. Ndipo nilipogusa, kwanza kwa mgongo wa vidole.

Muelewe pia kwamba kuzima swichi ya ukutani peke yake kusingenisaidia. Katika nyumba nyingi za zamani waya wenye umeme unapita kwanza kwenye rozi, ndipo unashuka kwenye swichi. Taa imezimika, rozi bado ina umeme. Na kama nyaya za pale zinaendelea kulisha taa nyingine, usizikate. Ziunganishe kwa konekta ndani ya kiboksi chenye kifuniko, mahali ambapo fundi ajaye anaweza kufika, rangi kwa rangi. Yetu ilikuwa inaishia pale, kwa hiyo tuliifungua kwenye kiungo upande wa Mama Haika na kuivuta yote. Nilitoka nayo mkononi, mita kadhaa, nikamwekea Fundi mbele ya miguu. Akaihesabu kwa macho kutoka ncha hadi ncha. Baada ya hapo tulifunga mbao na kuziba tundu la bati.

Fundi hakunipeleka kwa meneja. Mwalimu naye hakusema kwa mtu. Lakini kwa muda mrefu nilimwamkia naye akaitikia marahaba bila kunitazama, na hiyo ilikuwa haki yake. Mtoto yule sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake.

Mashamba yale mnajua yalivyokwisha. Kombaini zilisimama moja moja kwa kukosa vipuri, mafundi wakatawanyika, mimi nikaja kutunza majengo ya serikali huku. Fundi Salehe alikuwa ameshastaafu kabla ya hapo. Asubuhi aliyoondoka nilimsaidia kupandisha sanduku kwenye lori. Alikuwa amevaa makoti yote mawili.

"Bashay, nisingesimama kufuta miwani, ungesema?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Sijui, Fundi."

"Hata mimi sijui," akasema. "Ndiyo maana siku hizi nasimama."

Nilikuwa nimeona bila kuelewa. Tangu Jumamosi ile, kwenye kazi yoyote, kubwa au ndogo, alikuwa anasimama ngazi ya tatu, anavua miwani hata ikiwa safi, na anamtazama aliyeshika ngazi. Anamtazama tu mpaka mtu anaona muda umekuwa mrefu. Ndipo anaendelea kupanda.

Mimi sina miwani, lakini mlionifahamu mmeniona nikisimama pale. Wengine mlidhani ni magoti. Nilikuwa nawapa nafasi. Mara mbili katika miaka yote nilisimama na kijana akasema, "Mzee, ngoja kidogo." Hao wawili sitawataja, nao wanajijua, na mmoja anasoma haya.

Sasa sipandi tena, kwa hiyo nafasi hiyo nawapa kwa karatasi. Kama kuna waya uliouacha darini ukaufunika, au kadi uliyoijaza uongo kwa sababu hodi ilikushinda, niandikie. Andika ni nyumba gani na chumba gani. Sitauliza kwa nini. Nitakujibu, na ukitaka nitakuja tukapige hodi pamoja. Ila andika leo, maana sijui nani atapanda kesho.